Uchaguzi wa shule ya msingi Kigoma-Ujiji

Uchaguzi wa shule ya msingi ni uamuzi ambao wazazi au walezi huufanya kuhusu shule atakayosoma mtoto anapoanza darasa la awali au darasa la kwanza. Nchini Tanzania uamuzi huo huwa hasa kati ya shule ya umma, ambayo haitozi ada na hufundisha kwa Kiswahili, na shule ya binafsi, ambayo hutoza ada na mara nyingi hufundisha kwa Kiingereza. Makala hii inaueleza uchaguzi huo kwa mfano wa Gungu, mojawapo ya kata 19 za Manispaa ya Kigoma-Ujiji katika Mkoa wa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Katika sensa ya mwaka 2022 manispaa hiyo ilikuwa na wakazi zaidi ya 230,000.

Jina la mmiliki wa shule peke yake halionyeshi ubora wa elimu inayotolewa. Mambo matatu huwa na uzito zaidi kwa mtoto mdogo: kama anajifunza kusoma kwa lugha anayoielewa, kama mwalimu anapata nafasi ya kumfuatilia, na kama familia yake inaweza kumweka katika shule hiyo hadi amalize. Jambo la tatu ndilo linalosahaulika zaidi siku ya kuandikisha, na ndilo linalowaumiza watoto wengi baadaye.

Istilahi

Shule ya umma, au shule ya serikali, ni ile inayomilikiwa na serikali na kuendeshwa chini ya halmashauri. Mishahara ya walimu wake hulipwa na serikali. Mitaani shule hizi huitwa kwa utani "Kayumba" au "Mtakatifu Kayumba", kwa kuzifananisha na shule za binafsi zenye majina ya watakatifu.

Shule ya binafsi humilikiwa na mtu, kampuni, taasisi ya dini au shirika lisilo la serikali. Ni lazima isajiliwe na Kamishna wa Elimu na ifuate mtaala wa taifa.

Shule ya mchepuo wa Kiingereza ni ile inayotumia Kiingereza kufundishia masomo yote isipokuwa Kiswahili na machache mengine. Shule nyingi za aina hii ni za binafsi, lakini maneno haya mawili hayana maana moja. Zipo shule za umma zinazofundisha kwa Kiingereza, na zipo shule za binafsi zinazofundisha kwa Kiswahili.

Historia

Wakati wa ukoloni

Kabla ya shule za kikoloni watoto wa Ujiji walisoma katika vyuo vya Kurani, kwa kuwa mji huo ulikuwa kituo cha wafanyabiashara Waislamu waliotoka pwani. Wamisionari wa London Missionary Society walifika Ujiji mwaka 1878, nao Mapadre Weupe wa Kanisa Katoliki mwaka 1879. Misheni zilifungua shule sehemu nyingi za magharibi mwa nchi. Serikali ya Wajerumani ilianzisha shule yake ya kwanza mjini Tanga mwaka 1892, na ilitumia Kiswahili kufundishia.

Chini ya Waingereza shule zilitenganishwa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Sehemu kubwa ya shule za Waafrika ilikuwa mikononi mwa misheni, zikipata ruzuku ya serikali. Kwa hiyo tofauti kati ya shule ya serikali na isiyo ya serikali ilikuwapo kabla ya uhuru, ingawa mzazi Mwafrika hakuwa na mengi ya kuchagua.

Ujamaa na elimu kwa wote

Ubaguzi wa rangi shuleni ulifutwa na Sheria ya Elimu ya mwaka 1961, iliyoanza kutumika Januari 1962. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Rais Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliiwezesha serikali kuchukua shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku.

Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliweka lengo la kuwaandikisha watoto wote ifikapo mwaka 1977, mpango uliojulikana kwa kifupi cha UPE. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 ilifanya mahudhurio kuwa ya lazima. Ili kupata walimu wa kutosha, vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu wakiwa kazini. Watoto wengi walipata nafasi ambayo wazazi wao hawakuipata, lakini vitabu, madarasa na mafunzo ya walimu havikuongezeka kwa kasi ileile. Hali mbaya ya uchumi ya miaka ya 1980 ilirudisha michango ya wazazi.

Kurudi kwa shule za binafsi

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliwahimiza watu binafsi, jumuiya na mashirika kufungua shule za ngazi zote. Kabla ya hapo baadhi ya wazazi wenye uwezo waliwapeleka watoto wao Kenya au Uganda ili wasome kwa Kiingereza. Baada ya sera hiyo shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza ziliongezeka, kwanza Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Moshi, kisha katika miji mingine ikiwamo Kigoma. Hata hivyo, kwa nchi nzima shule za binafsi bado zinabeba chini ya mwanafunzi mmoja kati ya kumi wa shule za msingi.

Elimu bila ada

Ada ya shule za msingi za umma ilifutwa tena mwaka 2001, na mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM). Wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 8 mwaka 2007. Michango mingine iliendelea hadi Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, uliofuta ada na michango ya lazima katika elimumsingi kuanzia Januari 2016. Baada ya waraka huo uandikishaji wa darasa la kwanza ulipanda tena.

Nchi zote nne zinazopakana na Ziwa Tanganyika zimepita njia hiyo. Zambia ilifuta ada ya elimu ya msingi mwaka 2002, Burundi mwaka 2005, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2019. Katika kila nchi madarasa ya umma yalijaa baada ya ada kuondolewa, na baadhi ya wazazi wenye uwezo wakatafuta shule za binafsi zenye watoto wachache.

Muundo wa elimu ya msingi

Mtoto husoma mwaka mmoja wa elimu ya awali, kwa kawaida akiwa na umri wa miaka 5, kisha huingia darasa la kwanza. Kwa miongo mingi elimu ya msingi ilikuwa ya miaka saba. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeifanya kuwa ya miaka sita, ikifuatwa na miaka minne ya sekondari ya chini. Jumla hiyo ya miaka kumi ni elimu ya lazima. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa darasa la awali, la kwanza, la tatu na kidato cha kwanza. Somo la Kiingereza, ambalo kwa mtaala uliotangulia lilianzia darasa la tatu, sasa huanza darasa la kwanza hata katika shule zinazofundisha kwa Kiswahili.

Shule za umma na za binafsi zinafuata mtaala mmoja, hukaguliwa na wathibiti ubora wa shule, na wanafunzi wao hufanya mitihani ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Wanafunzi wa mchepuo wa Kiingereza hufanya mtihani wa mwisho kwa Kiingereza, isipokuwa masomo yanayofundishwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa shule ya binafsi aliyefaulu anaweza kuchaguliwa kujiunga na sekondari ya serikali kama mwenzake wa shule ya umma.

Tofauti kuu

Gharama

Katika shule ya umma hakuna ada. Serikali hutoa ruzuku ya uendeshaji, ambayo kiwango chake kwa shule za msingi kilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, sehemu yake ikitengwa kwa ajili ya vitabu. Mzazi hununua sare, viatu, madaftari na kalamu. Chakula cha mchana shuleni hutegemea makubaliano ya wazazi. Mwaka 2021 serikali ilitoa mwongozo wa chakula na lishe shuleni unaohimiza wazazi kuchangia kwa fedha au mazao. Wazazi wengi hulipia pia tuisheni.

Katika shule ya binafsi ada ni sehemu tu ya gharama. Huongezwa fedha za fomu, sare za aina mbili au tatu, vitabu, chakula, basi la shule, mitihani ya majaribio na ziara. Kwa mfano wa hesabu, ada ya shilingi 800,000 kwa mwaka hufikia shilingi 5,600,000 kwa mtoto mmoja katika mwaka wa awali na miaka sita ya msingi. Kwa watoto watatu ni shilingi 16,800,000, kabla ya gharama nyingine na bila kuhesabu kupanda kwa ada. Familia zinazoangalia ada ya mtoto wa kwanza peke yake hujikuta katika ugumu wadogo zake wanapofikia umri wa shule.

Idadi ya wanafunzi darasani

Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule za msingi, na mmoja kwa watoto 25 katika darasa la awali. Katika miji inayokua haraka darasa la kwanza la umma huweza kuzidi kiwango hicho mara mbili. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Mwalimu mwenye watoto 90 akitaka kumsikiliza kila mmoja akisoma katika kipindi kimoja, kila mtoto atapata sekunde 20. Mwenye watoto 30 atawapa dakika moja moja. Hiyo ndiyo faida ya wazi zaidi ya shule nyingi za binafsi, na huonekana zaidi katika miaka ya mwanzo mtoto anapojifunza herufi.

Serikali imeendelea kujenga madarasa na shule mpya, ikiwamo kupitia mradi wa BOOST ulioanza mwaka 2022. Kwa hiyo idadi ya wanafunzi katika shule fulani ya umma inaweza kubadilika sana shule jirani inapofunguliwa.

Walimu

Walimu wa shule za umma ni waajiriwa wa serikali waliosomea ualimu katika vyuo vinavyotambuliwa, na ajira yao husimamiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu. Wengi wana uzoefu wa miaka mingi. Walimu wa shule za binafsi wanatakiwa pia kuwa na sifa, lakini huajiriwa kwa mikataba na mmiliki. Usimamizi wa kila siku huweza kuwa wa karibu zaidi, ila walimu huondoka mara kwa mara, hasa serikali inapotangaza ajira mpya. Darasa linaweza kubadilishiwa mwalimu zaidi ya mara moja kwa mwaka, jambo linalowasumbua watoto wadogo kuliko wakubwa.

Matokeo ya mitihani

Kwa jumla wanafunzi wa shule za binafsi hupata alama za juu zaidi katika mitihani ya taifa. Sehemu ya tofauti hiyo hutokana na ufundishaji, lakini sehemu nyingine hutokana na watoto wenyewe: hutoka katika nyumba zenye vitabu, chakula cha uhakika na wazazi waliosoma. Baadhi ya shule huwachuja watoto kwa usaili, hukaririsha madarasa au huwashauri wazazi wa watoto wanaosuasua wawahamishe kabla ya mtihani. Serikali imekataza mara kadhaa utaratibu huo. Mwaka 2023 NECTA iliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora na wanafunzi bora, kwa hoja kwamba shule hazifundishi katika mazingira yanayolingana.

Tafiti za Uwezo, zilizoanza kufanyika Tanzania mwaka 2010 kwa kuwapima watoto nyumbani kwao, zilionyesha kwamba kumaliza madarasa si sawa na kujua kusoma. Katika miaka ya mwanzo ya tafiti hizo takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi rahisi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kwa Kiingereza hali ilikuwa mbaya zaidi.

Lugha ya kufundishia

Wazazi wengi wanaochagua shule ya binafsi hutaja Kiingereza kuwa sababu ya kwanza. Sababu hiyo ina msingi, kwa kuwa masomo mengi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa shule ya umma hukutana ghafla na fizikia, biolojia na jiografia kwa lugha ambayo hakuizoea. Utafiti wa Clive Criper na Bill Dodd uliotolewa mwaka 1984 ulionyesha kwamba kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari kilikuwa chini mno kwa kujifunzia, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kama vile Martha Qorro na Casmir Rubagumya, wamelijadili tatizo hilo kwa miaka mingi.

Upande wa pili wa hoja ni kwamba mtoto hujifunza kusoma kwa urahisi zaidi katika lugha anayoijua. UNESCO ilipendekeza hivyo katika ripoti ya mwaka 1953. Mtoto anayetamka maneno ya Kiingereza bila kujua maana yake anaonekana kusoma, lakini hajaanza kuelewa. Aliyekwisha kujua kusoma kwa Kiswahili huhamishia ujuzi huo katika Kiingereza baadaye, kwa kuwa herufi ni zilezile na kinachobaki ni msamiati, matamshi na tahajia.

Kwa hiyo jina la mchepuo halitoshi. Katika baadhi ya shule za binafsi walimu wenyewe hawana ufasaha wa Kiingereza, na watoto hukariri majibu. Katika shule nyingine walimu hukitumia vizuri, hutumia picha, nyimbo na michezo, na huruhusu Kiswahili pale mtoto anapokwama. Shule hizo mbili huweza kutoza ada zinazokaribiana.

Hali ya Gungu na Kigoma-Ujiji

Lugha za nyumbani

Kigoma-Ujiji ni mji wa makabila mengi. Waha ndio wengi mkoani, na wako pia Wamanyema, Wabembe, Watongwe na watu wenye asili ya Kongo na Burundi. Ujiji ni mojawapo ya miji ya bara ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani kwa vizazi kadhaa. Mtoto wa mjini huingia shule akizungumza Kiswahili, lakini mtoto wa familia iliyohamia karibuni kutoka vijijini huweza kuwa anajua Kiha zaidi. Kwake Kiswahili ni lugha ya pili, na shule ya mchepuo wa Kiingereza humpa lugha ya tatu kabla ya kuimudu ya pili.

Riziki na kalenda ya ziwa

Kipato cha familia nyingi za Gungu na kata jirani hutokana na biashara ndogo, kilimo, vibarua, bodaboda, ajira za serikali na uvuvi wa dagaa na migebuka. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo siku za mbalamwezi uvuvi hupungua au husimama. Kipato cha mvuvi, cha mwanamke anayeanika na kuuza dagaa, na cha mbeba mizigo wa mwaloni hupanda na kushuka kila mwezi.

Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Muhula wa pili wa shule huanza Julai, katikati ya kipindi hicho. Familia inayotegemea ziwa ilitakiwa kulipa ada ya muhula wakati mitumbwi ilikuwa imefungwa. Mtumishi mwenye mshahara wa kila mwezi hana shida ya namna hiyo. Kwa sababu hiyo ada moja huweza kuwa nyepesi kwa mwalimu au muuguzi na nzito kwa mvuvi, hata kama mapato yao ya mwaka yanalingana. Shule inayokubali malipo ya awamu ndogo ndogo huifaa zaidi familia ya mvuvi kuliko inayodai nusu ya ada mwanzoni mwa muhula.

Madrasa na muda wa mtoto

Waislamu ni wengi Ujiji na katika sehemu nyingine za manispaa, na watoto wengi huenda madrasa mchana au jioni. Shule ya umma humwachia mtoto mdogo muda huo. Shule za binafsi zenye masomo ya ziada hadi jioni, pamoja na safari ya basi, huweza kumrudisha nyumbani karibu na magharibi akiwa amechoka. Baadhi ya shule za binafsi za Kiislamu na za Kikristo hufundisha dini ndani ya ratiba yao, na hiyo huwa sababu ya wazazi kuzichagua.

Umbali

Shule za umma hupangwa ili mtoto aweze kutembea kutoka nyumbani. Shule ya binafsi huweza kuwa kata nyingine, na mtoto akahitaji basi, bajaji au bodaboda. Watoto kubebwa watatu au wanne katika pikipiki moja ni hatari inayojulikana. Bweni si suluhisho kwa watoto wadogo, kwani mwaka 2023 serikali ilizuia shule kuwalaza bweni watoto wa darasa la awali hadi la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu.

Kuhama shule katikati

Hatari kubwa zaidi katika uchaguzi huu ni mtoto kuanza shule ya mchepuo wa Kiingereza, kisha ada ikamshinda mzazi katika darasa la tatu au la nne. Mtoto huhamia shule ya umma akiwa amejifunza majina ya hesabu na sayansi kwa Kiingereza tu. Huzungumza Kiswahili vizuri uwanjani, lakini hajui "kigawe", "sehemu guni" au "usanisinuru" darasani. Darasa la nne lina upimaji wa kitaifa, na asiyefikia kiwango hurudia darasa. Mtoto aliyekuwa wa mbele huweza kujiona mjinga kwa sababu ya msamiati tu.

Kuhama kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza nako kuna ugumu, na shule nyingi za binafsi humrudisha nyuma mtoto darasa moja au mawili. Hata hivyo mzazi hupanga uhamisho wa aina hii mwenyewe, wakati ule wa kushindwa ada hutokea ghafla, pengine katikati ya muhula.

Uhamisho wowote hufanywa kwa fomu rasmi kupitia walimu wakuu wa shule zote mbili, na taarifa za mwanafunzi huhamishwa katika mfumo wa kumbukumbu wa PReM. Kumtoa mtoto bila kufuata utaratibu huo huleta matatizo wakati wa kusajiliwa kwa mitihani.

Pale uhamisho unapolazimika, mwisho wa mwaka ni wakati mzuri kuliko katikati ya muhula. Mtoto akipewa vitabu vya Kiswahili vya darasa lake kipindi cha likizo, na mwalimu mpya akijulishwa alikotoka, wengi hukaa sawa baada ya muda.

Njia nyingine

Baadhi ya shule za umma hufundisha kwa Kiingereza na hutoza mchango mdogo kuliko ada ya shule nyingi za binafsi. Zinazojulikana kwa muda mrefu ni Olympio na Diamond za Dar es Salaam, na Arusha School ya Arusha. Katika miaka ya karibuni halmashauri mbalimbali zimefungua shule za namna hiyo.

Familia nyingine humsomesha mtoto shule ya umma katika miaka ya msingi, na fedha ambazo zingelipwa ada hutumika kununulia vitabu, chakula bora na masomo ya Kiingereza wakati wa likizo, au huwekwa akiba kwa ajili ya sekondari. Wapo pia wanaolipia shule ya awali ya binafsi yenye watoto wachache, kisha mtoto akaingia darasa la kwanza la umma akiwa amekwisha kujua herufi na namba.

Mtoto mwenye ulemavu au mahitaji maalumu huhitaji kuangaliwa peke yake. Shule za umma zina wajibu wa kumpokea, na baadhi zina vitengo vyenye walimu waliosomea elimu maalumu. Shule ya binafsi yenye majengo mazuri huweza kukosa mwalimu wa aina hiyo.

Mambo ya kuangalia

Mzazi anayelinganisha shule huweza kupata majibu mengi kwa kuzitembelea siku ya masomo, si siku ya sherehe. Mambo yanayosaidia ni haya:

- Usajili: shule ya binafsi iwe na namba ya usajili. Afisa Elimu Kata au ofisi ya elimu ya manispaa huweza kuthibitisha.
- Kusoma: mtoto wa darasa la pili wa shule hiyo aombwe kusoma aya fupi asiyoijua, kisha aeleze kwa maneno yake alichosoma.
- Madaftari: yaonyeshe kazi iliyosahihishwa na makosa yaliyoelekezwa, si alama ya vema peke yake.
- Idadi: wahesabiwe watoto walio darasani, kwani idadi iliyo katika kipeperushi huweza kutofautiana na hali halisi.
- Walimu: iulizwe mwalimu wa darasa la kwanza amekaa shuleni kwa muda gani.
- Vyoo na maji: kiwango cha serikali ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25.
- Gharama zote: orodha ya malipo ya mwaka mzima iombwe kwa maandishi, pamoja na utaratibu wa awamu na hatua zinazochukuliwa mzazi anapochelewa kulipa.
- Uwezo wa kuendelea: ada ihesabiwe kwa watoto wote wa nyumba hiyo, kwa miaka yote, na kwa kipato cha miezi mibaya.

Nafasi ya mzazi baada ya kuchagua

Shule ya umma ina kamati ya shule yenye wawakilishi wa wazazi, ambayo hupitia mapato na matumizi na kuzungumzia mahudhurio ya walimu na wanafunzi. Mzazi wa shule ya binafsi huwa na nguvu ya mteja, yaani anaweza kuondoka, lakini si kila mara ana kikao chenye uamuzi.

Katika aina zote mbili za shule, mtoto anayeulizwa kila jioni alichojifunza, anayepewa muda wa kusoma kabla ya kazi za nyumbani na anayelala mapema hupata faida ambayo haitegemei ada. Mzazi asiyejua kusoma naye anaweza kulifungua daftari na kuona kama kuna kazi mpya na alama ya kalamu nyekundu, na kwenda kumwona mwalimu pale ambapo hakuna.

Tazama pia

- Elimu nchini Tanzania
- Elimu ya Kujitegemea
- Azimio la Musoma
- Baraza la Mitihani la Tanzania
- Kigoma-Ujiji
- Gungu
- Ziwa Tanganyika